Mabuti ya Aikande

Hapo zamani, na msinibane ni zamani ya mwaka gani, maana siku hizi mtu hawezi kufungua mdomo bila kuulizwa tarehe. Ilikuwa zamani ya mabuti ya mitumba, inatosha. Hapo zamani, basi, katika kijiji cha Mrieni, kwenye miteremko ya mlima mkubwa wenye theluji, aliishi mwanamke aitwaye Aikande.

Wana Mrieni walikuwa na desturi yao. Mtu akiongoza msafara wake wa kwanza hadi juu na kuurudisha salama, kwao huchinjwa mbuzi. Nyama nyingine huliwa na yeyote aliyefika, lakini kidari, ile nyama ya kifua, hupewa mtu mmoja tu, yule aliyemfikisha juu. Hakikatwi vipande. Anayekipokea ndiye atakayemwombea kila safari mpaka kufa. Anayekikosa ameambiwa mbele ya watu kwamba hakufanya kitu. Kuna ndugu walionuniana kwa ajili ya kidari mpaka wakazikwa na kinyongo chao.

Sasa huyu Aikande alikuwa na miguu mikubwa. Simaanishi mikubwa ya kutaniwa siku moja ikapita. Duka zima la viatu vya kike lilikuwa halina kiatu kilichovuka nusu ya unyayo wake. Kupanda alijua, kwa maana miaka yote alikuwa mpagazi, akibeba maji na kuni hadi kibanda cha kwanza akiwa na raba za kaka yake. Lakini alichokitaka ni uongozi. Alitaka kutangulia mbele, watu wafuate.

Bwana Saria, mkuu wa waongozaji, alikuwa na sharti moja tu kwa kila mtu, mwanamume kwa mwanamke: uje na mabuti yanayokukaa, upande naye kidogo, ushuke naye, akutazame unavyotembea. Mabuti yasipokukaa, hakuna mlima.

Aikande akaenda sokoni kwa Mama Foibe, muuza viatu vya mitumba.

"Mama Foibe, nitafutie mabuti ya kike ya mguu huu."

Mama Foibe akautazama mguu, akamtazama mwenye mguu. "Mwanangu, ya kike hayafiki huko. Beba ya kiume. Kiatu ni kiatu."

Akabeba ya kiume. Urefu ulitosha, ila hapo nyuma palikuwa pana, kisigino kinaelea. Akajaza matambara. Kupanda akapanda vizuri tu. Kushuka ndiko kulikomtoa machozi, kwa sababu kila hatua mguu uliteleza mbele na vidole vikagonga ngozi. Bwana Saria akasimama njiani.

"Kisigino kinacheza, vidole vinalia. Rudi nyumbani, dada."

Akarudi. Kucha mbili zikang'oka.

Hakukata tamaa. Akaenda kwa Fundi Lyatuu, mshona viatu, mzee aliyepima miguu ya kijiji kizima kwa ugwe wa mgomba mkavu: anaulaza chini ya unyayo, anaukata, anauning'iniza ukutani kwa jina lako.

"Shikamoo, fundi. Nataka unishonee."

"Marahaba. Weka mguu."

Hapa lazima niwaambie kitu. Aikande alipokuwa msichana mdogo, huyuhuyu Fundi Lyatuu alimpima mbele ya watoto wenzake, akacheka, akasema huyu tutamchongea mzinga wa nyuki avae. Watoto wakacheka wiki nzima. Tangu siku ile, kila ukaribiapo ugwe, Aikande hukunja vidole. Hakujua kwamba anavikunja. Vilijikunja vyenyewe, kama mtu anavyofumba macho vumbi likija.

Fundi akapima mguu uliokunjwa. Akashona buti la mguu uliokunjwa. Nyuma lilibana vizuri kabisa, mbele likawa fupi. Bwana Saria akasimama njiani tena.

"Kisigino kimetulia, vidole vinalia. Rudi nyumbani. Na nikwambie, kuna wageni wanawake wanakuja kiangazi hiki, wanataka kuongozwa na mwanamke. Nafasi ni moja. Ukija mara ya tatu na miguu inayolia, utabaki na kuni zako."

Akarudi akilia njia nzima, na hakuwaficha waliomwona.

Habari zikafika sokoni. Mama Foibe akajisikia vibaya, kwa sababu yale maneno yake ya kiatu ni kiatu yalianza kumchoma. Tangu siku hiyo, kila robota la viatu lilipofunguliwa, yeye alikuwa wa kwanza kuzamisha mikono mpaka mabegani. Wateja walimwita, hakugeuka. Wenzake wakamwuliza anatafuta nini, akasema mguu. Wakadhani kachanganyikiwa. Mpaka siku moja akayavuta: mabuti ya kike, marefu, membamba nyuma, yaliyotoka nchi gani sijui, lakini huko yuko mwanamke ambaye Aikande angependa kumsalimia. Mchuuzi wa mjini akayaona, akataka kumpa gunia zima la raba wabadilishane. Mama Foibe akayakalia mpaka jioni.

Aikande akayavaa. Mguu ukaingia? Nusu. Kwenye kidole cha mwisho, pale mguu wake ulipokuwa na nundu, yalibana kama mlango. Akayapeleka kwa Fundi Lyatuu, pamoja na yale mafupi.

Fundi hakuyagusa kwanza. Aliyachukua yale aliyoyashona yeye, akaingiza mkono ndani, akapapasa juu ya vidole. Ngozi ilikuwa imechubuliwa kwa vifundo.

"Humu umekunja vidole."

"Sijakunja, fundi."

"Umekunja. Nani alikufundisha?"

Hapo Aikande akakumbuka. "Wewe, fundi. Mzinga wa nyuki."

Mzee hakuwa anakumbuka. Ndivyo walivyo wachekaji. Lakini aliinama chini, akaushika mguu ule kwa mikono miwili, akavinyoosha vidole kimoja kimoja mpaka vikakubali. Akapima upya. Akachonga mguu wa mti, na nundu yake vilevile, akalowesha yale mabuti ya Mama Foibe, akausukumiza ndani. Kazi za wengine zote akaziweka pembeni, na wenyewe wakamtukana.

Mabuti yakapanuka. Ila yalikauka yakawa magumu kama gome. Buti la namna hiyo ukilipandia mlima siku ya kwanza, litakula nyama yako. Lazima litembezwe kwanza. Na Aikande atalitembeza lini, wakati siku hizo mama mkwe wake alikuwa ameanguka kitandani, hawezi hata kujigeuza, na yeye ndiye wa kumlisha na kumwogesha?

Kijiji kizima kilikuwa na mguu mmoja tu uliolingana na wa Aikande. Ulikuwa wa wifi yake, Anaeli, binti wa yule mama mgonjwa. Naye alikuwa mpagazi. Naye alikuwa na ndoto zake, ila hakuwahi kuzisema kwa mtu.

"Nipe niyatembeze," Anaeli akasema. "Wewe kaa na mama."

Akayavaa kwenda kukata majani bondeni. Akashuka nayo, akapanda nayo, mzigo kichwani. Malengelenge yakatoka, yakapasuka, yakatoka mengine juu yake. Hakulalamika. Asubuhi moja akayaleta, akayaweka mlangoni. "Wifi, yamelainika." Akaenda kunawa miguu.

Basi Aikande akamwachia Anaeli mama, akaenda mara ya tatu. Akapanda, akashuka. Bwana Saria akasimama njiani, akayatazama yale mabuti kwa muda mrefu, mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kisigino kimetulia, vidole vimenyamaza. Utaongoza."

Akaongoza. Wale wageni wanawake wakafika juu, wakashuka wakiimba, na hakuna aliyechubuka. Nyumbani mbuzi akachinjwa. Mama mkwe akatolewa nje na godoro lake aone. Aikande akaletewa kidari juu ya jani la mgomba, cha moto, na watu wakasogea karibu.

Mama Foibe akaanza. "Mimi ndiye niliyesema hayafiki huko. Nilikosea. Lakini nani aliyezama kwenye marobota? Fundi angepanua nini, hewa? Bila mimi kiatu hakipo."

Fundi Lyatuu akasema, "Mimi ndiye niliyemkunja. Mimi ndiye niliyemnyoosha. Kiatu kilikuwepo, mguu haukuingia. Bila mimi, yale mabuti yangekuwa pambo la ukutani."

Wote wakamgeukia Anaeli. Aliyesema ni Bwana Saria.

"Huyu alikuja kwangu na mabuti hayo kabla ya mwenyewe. Alipanda, akashuka. Kisigino kimetulia, vidole vimenyamaza. Nikamwambia nafasi ni yako. Kesho yake akanitumia salamu kwamba haji."

Pakawa na minong'ono. Aikande akaliweka jani mapajani.

"Kumbe alikuibia mlima," Mama Foibe akasema. "Mwizi anapewa kidari?"

"Mwizi harudishi," Fundi Lyatuu akamjibu.

"Alirudisha alichoiba. Hiyo ni zawadi?" akasema Mama Foibe.

"Wifi, ni kweli?" Aikande akauliza.

"Ni kweli," Anaeli akasema. "Nilikwenda nikiitaka nafasi yako, na niliipata. Nikarudi nyumbani nikwambie. Nilipofika mlangoni nikakuona unamgeuza mama, unamwambia pole, pole kidogo, tumalize. Nikayavua mabuti. Usinipe kwa huruma."

Sasa angalieni hali ya Aikande. Akimpa Mama Foibe, anampa mtu aliyemwambia kwamba kiatu chake hakiko duniani, kisha akakitafuta duniani kote. Akimpa fundi, anamlipa kwa kufungua fundo alilolifunga mwenyewe. Akimpa wifi, hajui anamlipa kwa kuchukua au kwa kurudisha. Kila alipomchagua mmoja, kosa la huyo lilimjia usoni. Kila alipomwacha mmoja, wema wa huyo ulimrudia. Kichwa kikamzunguka kuliko kilivyomzunguka kule juu penye hewa kidogo.

"Nikikate vipande vitatu," akasema.

"Kikikatwa ni mchuzi," Bwana Saria akasema. "Hakuna atakayekuombea."

"Basi nile mwenyewe."

Watu wakaguna, maana huko Mrieni anayekula kidari chake mwenyewe hatangulii tena mbele ya msafara. Mama mkwe akanyanyua mkono kutoka kwenye godoro, kama mwenye neno, kisha akaushusha. Kati ya binti yake na aliyemwogesha, naye alikuwa hajui aseme nini.

Mafuta yakaanza kuganda juu ya nyama. Aikande akainuka na jani lake. Mama Foibe akanyoosha mikono yote miwili. Fundi Lyatuu akatazama chini. Anaeli akaanza kukusanya vyombo, kana kwamba mambo yamekwisha.

Haya, mliokaa mkitikisa vichwa kana kwamba mnajua, jani hilo hapo, lishikeni nyinyi. Je, nani alistahili? Na wale wawili wengine, ni nani kati yenu atakayekwenda kuwaambia kwamba hawakufanya kitu?