Mafiga ya Bi Siwema

Magoti ya Bi Siwema yalipokikataa kilima, alijikongoja mpaka barazani kwa Bwana Fumo kukopa fedha za kununua kijumba bondeni, karibu na bintiye.

Alimkuta Fumo, mbele ya majirani waliokaa hapo, akimtoza mpangaji kodi ya nyumba aliyokwisha kuihama.

“Mafiga yako bado yako jikoni kwangu,” Fumo alimwambia. “Mtu hajahama mpaka abebe mafiga yake kwa mikono yake mwenyewe. Wote hapa wanaijua sheria yangu.”

Mpangaji akalipa. Bi Siwema akasogea, akasema shida yake.

“Kwa umri huo, bibi? Basi utarudisha mara mbili, na hicho kijumba kiwe rehani.”

“Sawa, mwanangu. Nianze kulipa lini?”

“Ukishahama.”

“Mbele ya hawa?”

“Mbele ya hawa,” alisema Fumo, akamhesabia fedha.

Mwaka ukapita bila hata senti. Fumo akateremka bondeni akiwa amefura, akamkuta Bi Siwema kibarazani pake, anapepea jiko la mkaa.

“Bibi, mbona hulipi?”

“Nilipe nini, na sijahama? Hapa nimekuja kutembea tu. Mafiga yangu yako kule juu.”

“Si ukayachukue!”

“Kila nikiamka naazimia kwenda, mwanangu. Lakini haya magoti unayajua. Si ndiyo yaliyonileta kwako?”