Chiriku Mleta Habari na Shamba la Mtama

Paukwa.

Pakawa.

Sogeeni motoni, wanangu, nami nitasema polepole.

Zamani za kale alikuwako msichana jina lake Sikudhani. Mama yake alifariki karibu na msimu wa kupanda, akaacha mbegu kidogo za mtama mwekundu ambao hakuna mtu mwingine aliyekuwa nao. Sikudhani na baba yake, Mzee Kibwana, wakazipanda zote, na Mungu akaleta mvua.

Mtama ulipotoa masuke, baba alijenga dungu la kulindia ndege katikati ya shamba. Akafunga kamba zenye vibuyu vya kokoto kutoka dunguni hadi pembe zote.

"Kaa hapa, mwanangu, uvute kamba ndege wakija. Tukiukosa mtama huu, mbegu ya mama yako imekwisha duniani."

"Nitakaa, baba."

Asubuhi chiriku akatua dunguni.

"Sikudhani, Sikudhani, umetajwa."

"Nimetajwa wapi?"

"Ng'ambo ya mto, penye mkuyu. Wanasifu nywele zako."

"Wangapi?"

"Njoo uhesabu."

"Naenda mara moja tu," akasema, akashuka. Chini ya mkuyu ndege walikuwa wakirudia maneno ya watu wa vijiji asivyovijua. Akasikiliza, akacheka, akajibu. Aliporudi jua lilikuwa utosini.

Siku ya pili: "Sikudhani, Sikudhani, umetajwa."

"Wamesemaje?"

"Yuko anayeicheka miguu yako."

"Nani huyo?" Akashuka mbio, akashinda akijibizana na mtu asiyewahi kumwona.

Siku ya tatu chiriku alitua akanyamaza.

"Leo sijatajwa?" Sikudhani akauliza.

"Sijui. Kaangalie."

Akashuka mwenyewe.

Alasiri aliporudi, alimkuta Mzee Kibwana shambani.

"Ulikuwa wapi?"

"Hapo tu, baba."

"Hapo tu ni wapi, hata kwelea kwelea wamekula mpaka wakachoka?"

Masuke yalikuwa matupu kila upande. Kilichobaki ni kipande kidogo chini ya dungu. Mzee hakumpiga wala hakufoka. Alishika suke moja, akalipukuta kiganjani, hakikudondoka kitu.

"Mama yako nimemzika mara moja," akasema. "Usinizikishe tena." Akaenda zake.

Kesho yake chiriku akaja. Sikudhani akamtazama sana.

"Mbona umenenepa?"

"Habari hunenepesha."

"Na hiyo punje mdomoni?"

Chiriku akaimeza. "Wewe unataka kutajwa, ndugu zangu wanataka kula. Nani ameonewa?"

Sasa Sikudhani alijua. Lakini kujua hakukumsaidia, maana chiriku alipoanza kuita, mguu wake mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi. Akaogopa.

"Mungu wangu, mimi nataka kukaa na miguu inataka kwenda. Nisaidie."

Kisha akachukua ncha ya kamba ya vibuyu, akajifunga mguuni, mafundo matatu, akayakaza.

"Umetajwa, Sikudhani."

Akainuka. Vibuyu vikalia, ndege wakaruka. Akaanza kufungua. Fundo la kwanza likaachia, la pili likaachia, la tatu likakawia. Katika kukawia kule, akasikia hamu imepungua. Akakaa, akafunga upya.

"Unachekwa, Sikudhani."

Akafungua moja, akalifunga tena.

"Umesahauliwa, Sikudhani. Hakuna anayekutaja."

Hilo lilimuuma kuliko yote. Machozi yakamtoka. Mkono ukaenda kwenye fundo, ukatulia juu yake.

"Na wanisahau," akasema. "Mimi nipo hapa."

Chiriku alingoja hadi adhuhuri, njaa ikamshika, akaruka kwenda mashamba ya wengine. Siku nyingi alirudi, na siku nyingi Sikudhani alifunga mafundo.

Mtama uliovunwa haukujaza hata ungo. Mwaka ule walikula mihogo ya kupewa na majirani, na ule mtama hawakuonja hata punje. Mvua iliporudi wakaupanda wote, ukaota mwekundu kama alivyouacha marehemu.

"Dungu nilijenge wapi safari hii?" Mzee Kibwana akauliza.

"Palepale, baba. Ila nikishapanda juu, ngazi uiondoe."

Mzee akacheka. Hakuwa amecheka tangu siku ya maziko.

Ngano yangu imekomea hapo, wanangu. Mungu awape usingizi mwema.