Nungunungu wa Ng'ambo na Kigoda cha Baraza

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa na nyumba, majiko na majirani wa kuwasengenya kama sisi, palikuwa na nchi kando ya mto. Nchi hiyo ilikuwa na kigoda. Mnyama akishtakiwa, huketishwa juu yake katikati ya baraza, na hakuna wa kumgusa wala kumkatiza mpaka aseme yake yote. Hata Fisi, mkuu wa walinzi, aliwahi kukikalia kwa wizi wa mifupa, akajitetea mpaka wenzake wakasinzia.

Kiangazi kimoja moto ukawaka. Vuuu! Nyumba ya Mama Swala ikateketea, na watoto wake pacha walikuwa ndani wamelala. Sipendi kuisimulia sehemu hii, ila bila hiyo hamtaelewa.

Kulipokucha Fisi akamkamata Nungunungu, mgeni aliyevuka mto kutafuta mizizi.

"Ananuka moshi!" Fisi akafoka. "Tena ni wa ng'ambo!"

"Sikuwasha mimi," Nungunungu akasema. "Lakini kuna kitu nimekiona. Niketisheni kwenye kigoda, niseme mbele ya wote."

Nyati, mkuu wa nchi, akapiga kwato chini. Puu! "Kigoda ni cha waliozaliwa huku. Wa ng'ambo hana haki nacho. Shimoni!"

Wakamtupa kwenye shimo la mwambani, wakauziba mdomo wa shimo kwa gogo. Kila siku sauti ilitoka chini: "Jamani, nisikilizeni!" Na kila siku ilizidi kufifia.

Kindi aliishi kwenye mti jirani na shimo hilo. Aliisikia sauti ile mchana na usiku. Akaenda kwanza kwa Mama Swala.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Kama umekuja kumtetea muuaji yule, rudi kwako. Wanangu hawakupewa nafasi ya kusema hata neno. Yeye ana nini cha kusema?"

"Mama, unamtaka aliyewachoma, au unamtaka yeyote tu?"

Mama Swala akalia, na Kindi akalia naye.

Kumsihi Nyati kulikuwa kazi bure. Alikuwa akijibu kwa pembe. Kwa hiyo siku ya baraza Kindi akaruka juu ya kichuguu, pwi! akapaza sauti.

"Mkuu wetu! Watoto hawa hawajawahi kusikia ulivyouogelea mto. Hebu wasimulie!"

Lo! Nyati aliipenda hadithi hiyo kuliko majani mabichi. Akatanua kifua.

"Nilikuwa ndama wa juzi tu! Mamba yuko nyuma yangu, kwap! kwap! Mama ananiita kutoka ukingo wa huku. Mimi chubwi, chubwi, chubwi, mpaka nikafika!"

"Ala! Kwani ulikuwa unatokea wapi, Mkuu?"

"Ng'ambo, bwana! Mto una pande ngapi?"

Wanyama wakatazamana. Nyati alikuwa bado anatabasamu.

"Basi mimi namtuhumu Nyati kwa moto ule," Kindi akasema. "Kwato zake zilikuwa na majivu."

"Kwato za nani hazikuwa na majivu siku ile? Sote tulikuwa tunazima moto!"

"Na Nungunungu alinuka moshi wa wapi?"

Nyati akapepesa macho. Fisi naye akaanza kumsogelea, ulimi nje, kwa maana kwake amri ni amri.

"Fisi, rudi nyuma! Nileteeni kigoda! Siwezi kutupwa shimoni sijasema neno!"

"Kigoda ni cha waliozaliwa huku, Mkuu," Kindi akasema kwa upole. "Umetuambia mwenyewe."

Nyati akarudi kinyumenyume, Fisi akimkaribia. "Basi... basi nafuta kauli yangu. Kigoda ni cha kila anayeshtakiwa, wa huku na wa ng'ambo. Mtoeni yule mgeni!"

Wanyama wakashangilia. Kindi hakungoja vigelegele viishe, alitimua mbio kuelekea shimoni, na wote wakamfuata. Nyati mwenyewe akalisukuma gogo kwa pembe. Kruuu!

"Nungunungu! Toka, utasikilizwa!" Kindi akaita.

Akainama juu ya shimo, akaita tena.

"Nungunungu?"

Fisi akashuka, akampandisha. Alikuwa mwepesi, na mdomo wake umejaa udongo aliokuwa akiufyonza kutafuta unyevu. Kiu ilikuwa imemuua.

"Hukuwa ukimpa maji?" Nyati akauliza.

"Hukuniamuru, Mkuu," Fisi akajibu. "Kwani mgeni alikuwa na haki ya maji?"

Hapakuwa na mwenye uso wa kumlaumu.

Ndipo Mama Swala akapenya katikati yao. Akapiga magoti, akamshika yule maiti mabega, akamtikisa.

"Uliona nini?" akalia. "Niambie, baba, uliona nini? Nani aliwaua wanangu?"

Labda Nungunungu alimwona mwovu. Labda mwovu alikuwa yeye mwenyewe. Mimi sijui, Kindi hakujua, na Mama Swala alizeeka akiuliza kila anayepita.

Basi hadithi yangu nimeitua hapo, na neno lake ni hili: ukimnyima mgeni nafasi ya kujitetea, wewe ndiye utakayebaki bila kuujua ukweli.