Kwa Nini Nywele za Sudi Zililala

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama wagonjwa. Na wewe uliyetia mkono kichwani, mkono huo unatafuta nini? Haya, tuendelee, lakini nimekuona.

Hapo zamani za kale, mbega walipokuwa bado wanakula chikichi, lile tunda la mawese, palikuwa na mbega kijana, jina lake Sudi. Nywele zake nyeupe zilianzia mabegani zikashuka mpaka kiunoni. Akiruka, fwaaa, zinafunguka, zinamshika hewani, anatua taratibu. Ukoo mzima ulijivunia nywele hizo.

Sudi alikuwa amemposa Mboni wa ng'ambo ya mto. Na desturi ya mbega ilikuwa hii: bwana harusi haendi ukweni kwa miguu. Analiruka korongo la mto, wakwe wanatazama. Akifika, kaoa. Akianguka, chini kuna mawe, na kwenye mawe kuna mamba.

Harusi ikakaribia. Asubuhi moja Sudi akaruka tawi hadi tawi, mchezo tu. Nywele hazikufunguka. Akaanguka, puu! Akajishika nywele. Nywele zimelala tepetepe, zimegandana, zinang'aa mafuta. Akashangaa. Mafuta yametoka wapi, naye hakupaka?

Akaenda mtoni, mahali pasipo mamba, chubwi! Akasugua, akatoka, akakauka. Jioni akajishika: mafuta. Kesho yake chubwi asubuhi, chubwi mchana, chubwi jioni, anajikwangua kichwa kwa kokoto mpaka kinawasha. Akajishika: mafuta kuliko jana. Kichwa kikamzunguka. Akiosha yanazidi, asipoosha yanazidi vilevile. Sasa afanye nini?

Akamwuliza Ngiri. Ngiri akamwambia apake tope, mbona yeye hupaka na hajawahi kulalamika. Sudi akazitazama zile nywele za Ngiri, chache, zimesimama kama ufagio uliochakaa. Akaona haya kukataa, akapaka. Tope likakauka, likawa zito, nywele zikalala zaidi.

Akadhani karogwa. Akadhani ni mvua. Akadhani labda mwili wake wenyewe hautaki kuoa. Chakula kikawa hakishuki.

Na siku zile jamaa walikuwa wanamiminika. Wanakaa, wanatafuna chikichi, na kila anayepita anampapasa bwana harusi, kichwani mpaka mabegani. Ndizo baraka za mbega hizo. Shangazi yake, Mwatumu, ndiye aliyezidi. Hapiti bila kumpapasa, na akishapita anarudi, machozi yanamlengalenga. Sudi alizipenda baraka zile. Kwa hofu aliyokuwa nayo, alizihitaji.

Nyinyi mnacheka. Yeye hakuona kitu.

Siku moja kabla ya harusi alikuwa ukingoni mwa mto, hoi. Ng'ambo akatokea Mboni kunywa maji. Akamtazama kitambo.

"Sudi, mkono wako uko wapi?"

Sudi akautafuta. Ulikuwa kichwani. Kutwa ulikuwa hapo, unapima kama mafuta yameisha.

"Hebu unuse."

Akaunusa. Chikichi. Akazidi kuchanganyikiwa, maana siku hiyo hakuwa ameonja hata moja.

Ndipo Mboni akamweleza. Kutoka kwao ng'ambo anawaona jamaa za Sudi kutwa wakimpapasa, mikono haijanawiwa. Tena ngozi ya kichwa ina mafuta yake yenyewe. Ukiikwangua kila saa inadhani imeibiwa, inatoa mengine. Akamwambia aoshe mara moja tu, taratibu, asuuze mpaka maji yatoke safi. Kisha asiziguse, wala asiguswe.

"Nataka ufike, Sudi," akasema. "Sitaki baraka zikuangushe."

Sudi akaosha, akasuuza, akarudi kwao. Na Shangazi Mwatumu huyo anakuja, mikono mbele, inang'aa. Sudi akarudi hatua moja. Huyu ndiye aliyemlea. Amwambieje?

"Shangazi, leo nibariki kwa mdomo."

Shangazi akasimama. "Mikono yangu imekukosea nini?"

"Haijanikosea. Ina mafuta, nami kesho naruka."

Shangazi akaitazama mikono yake, mbele na nyuma, kama mtu aliyeiazima. Akalia. Ilikuwa hasira au uchungu, mwenyewe hakujua. Kisha akaenda akaketi kwenye shina la mti wa Sudi, na kila aliyekuja na mikono yake akamrudisha.

Kesho yake Sudi akapanda juu kabisa. Jamaa wamejipanga huku. Wakwe wanatazama kule. Mamba kaachama. Sudi akaruka. Akashuka, akazidi kushuka, Shangazi akafumba macho. Fwaaa! Nywele zikafunguka. Akatua tawini, ubavuni mwa Mboni.

Jamaa wakazunguka kwa miguu hadi kivukoni, wakavuka mbio kwenda kumpongeza, mikono imenyooshwa. Shangazi Mwatumu akawapita wote, akamkinga bwana harusi.

"Mtoni kwanza," akasema.

Wakaenda kunawa, na yeye akanawa. Ndipo akampapasa, mara moja tu, akauondoa mkono. Tangu siku hiyo mbega wameacha chikichi, wanakula majani.

Mafunzo yake ni haya. Nywele zikilala, usikimbilie kusugua. Tazama kwanza mikono inayozishika, na wako ukiwemo. Osha kwa kiasi, suuza vizuri, kisha ziache. Na umpendaye, mpende, lakini usimlemee.

Hadithi yangu imeishia hapo, na mkono wako bado uko kichwani. Ushushe, ukanawe, tule.