Jongoo Katika Magando ya Kaa

Paukwa!

Pakawa!

Nani kaitikia na muhogo mdomoni? Tena! Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na kijinyumba kidogo, jicho halikioni. Nyumba ya bakteria. Mwatatu, usiniulize bakteria nini, ni kidudu cha maradhi. Tulia!

Ndani mna kamba ndefu, DNA, inayowaambia wenyeji waishi vipi. Ikikatika isiungwe, wote kwisha. Msokotaji wake ni kimeng'enya, kifundi cha humo ndani. Mimi namwita Kaa, kwa magando yake. Kach! anakata. Fyu! anapitisha. Tap! anaunga. Mchana kutwa, kach-fyu-tap! Mlafi huyo, kamba yote aishike yeye.

Na kuna protini, kitu kidogo, kimejipindapinda. Huyo Jongoo.

Siku hiyo ikaja dawa. Tiririri! Dawa hiyo humvizia Kaa akishakata tu, inamgandisha magando, kamba ibaki vipande.

Jongoo akakimbia. "Shikamoo, mzee Kaa."

"Marahaba. Toka!"

"Dawa hiyo inakuja! Usikate!"

"Kidudu wewe, nani kakuuliza?" Kach-fyu-tap!

Jamani, mtu haambiliki! Jongoo akajinyoosha, akajisokota, kamba tupu. Akalala mbele yake. "Mzee, umekisahau kipande hiki. Au nimpe mwingine?"

"Mwingine nani? Lete!"

Kaa akambana. Kach... wapi! Kach... wapi!

"Mbona hakikatiki?"

"Kaza mzee, bado kidogo."

Akakaza, jasho likamtoka. Dawa ikafika, tiririri, ikachungulia. Kamba nzima, magando yamejaa Jongoo. Pa kunasa hamna. Ikapita zake.

Jongoo akachomoka, chopo! "Ahsante, mzee."

"Umeona?" Kaa akatamba. "Kipande kigumu kile, lakini kimenikoma!"

Nyumba nzima ikacheka. Wakala, wakanywa, wakazaana, wakajaa tele.

Mnacheka na nyinyi? Mnampigia Jongoo makofi? Hamna haya! Nyumba yenyewe imo tumboni mwangu! Dawa nimeimeza mimi, chungu, wiki nzima, na wao wanafanya karamu humo! Kesho narudi kwa daktari anitafutie nyingine, nimechoka mimi!

Hadithi yangu mwisho wake hapo, atakayeibeba aibebe na maumivu yake. Na funzo ni hili, wanangu: usidhani kitu kidogo hakina madhara.

Haya nipisheni mlangoni, upesi! Nani yuko chooni?