Mama Mkwe Kwenye Siti ya Nailoni

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, sogeeni niwaambie, Maganga mtoto wa kaka yangu alinunua pikipiki. Mpya! Siti bado ina nailoni yake. Fundi Lugendo akamwambia, "Bwana mdogo, injini bado changa, ilainishe kwanza. Wiki mbili usizidi spidi thelathini. Na ukiwa njiani sikiliza injini tu."

Mama yake, Bi Kabula, naye huyo mbio: "Nailoni usitoe! Wakwe waone ni mpya!"

Haya. Jumamosi Maganga akamfuata mama mkwe wake mtarajiwa, Mama Kalunde, aje kwetu tupange siku ya harusi. Mama wa watu kavaa kitenge cha kuteleza, kakaa upande. Kumshika mkwe kiuno? Aibu! Akakumbatia mkoba wake. Na Maganga kumgeukia mama mkwe? Aibu! Akasikiliza injini. Tutututu, mdogo mdogo, hata kuku wanawapita.

Kupanda kilima cha mashine ya kusaga, mama akateleza, puu! Mtaroni, kwenye tope. Anataka kuita, lakini jina la mkwe halitajwi! "Wewe! Nanii! Baba nanii!" Baba nanii huyooo, tutututu.

Mimi niko uani na sufuria ya pilau. Maganga kaingia, kasimamisha, kainamisha kichwa kwa adabu: "Karibu mama, tumefika."

Siti tupu! Nailoni inang'aa! Nilicheka mpaka kanga ikanidondoka.

Baadaye sana Mama Kalunde huyo, kwa miguu, tope mpaka sikioni. "Harusi hakuna! Mpaka aliyenidondosha aje kwangu na jogoo, apige magoti, aseme ni mimi!" Akageuka, akaenda zake.

Maganga: "Mimi nilimsikiliza fundi."

Fundi: "Nilisema sikiliza injini, nilisema umsahau mama wa watu? Nailoni ndiyo imemwangusha."

Bi Kabula: "Nailoni yangu ina kosa gani? Si angeshika kiuno! Si angeita!"

Tukamtumia Mama Kalunde ujumbe. Jibu likarudi: "Nimtaje mkwe jina? Nimshike kiuno? Mnanitakia laana?"

Na Kalunde huko analia, gauni limeshashonwa, maskini.

Basi jogoo nimemfunga miguu mimi mwenyewe, huyu hapa chini ya kiti, msikieni. Haya, nyie mnaojifuta machozi ya kucheka, semeni: nimkabidhi nani?