Mbunifu wa Mashine ya Kuoshea Mipira

Sikudhani alibuni mashine ya kuoshea mipira ya gofu. Rutashobya, mwenyekiti wa klabu alikoajiriwa, akamtaka akiri kwamba aliyeibuni ni yeye mwenyekiti, la sivyo angemfukuza kazi.

"Sipingi, mheshimiwa," Sikudhani akajibu. "Ila jambo hilo litamke mwenyewe mbele ya wanachama, asitokee wa kutilia shaka."

Siku ya uzinduzi mwenyekiti akatamka kwamba kila kipande amekibuni yeye. Akatumbukiza mpira wa mgeni rasmi, akazungusha mpini. Mpira ukatoka umechunika kama kiazi kilichomenywa.

"Kumbe ndivyo unavyobuni?" mgeni akafoka.

"Si mimi! Ni Sikudhani, kila kipande!"

"Wanachama, mmesikia?" Sikudhani aliuliza kwa upole. Kisha akaifungua mashine, akatoa msasa alioupachika alfajiri, akarudisha brashi. Mpira uliofuata ukatoka unang'aa.